Zamu Yetu ya Kuuliza

Bibi Maendeleo hakuwa mtu wa kutoa marahaba bure. Ukimwamkia umetia mkono mfukoni, anakutazama mpaka mkono utoke. Ukimwamkia ukiwa juu ya baiskeli, anapita kama hakusikia, na jioni unaambiwa na majirani kwamba siku hizi walimu wanaamkia watu kama wanaofukuza kuku. Yote mawili yalinipata nilipohamia Kilosa. Kwa hiyo nilifurahi sana, wala sioni haya kulisema, siku mtafiti wa kwanza kutoka ng'ambo aliposhuka kwenye treni akampungia mkono tu. Bibi Maendeleo alisimama palepale stesheni, mikono kaifunga kifuani. Ikabidi nimfundishe yule kijana wa watu kusema shikamoo mbele ya wachukuzi na wauza ndizi, naye akaisema mara tatu kabla haijakubaliwa.

Jina lake ninalijua, na wa rika langu pale Kilosa wote wanalijua. Silitaji. Wilaya nzima ilimwita kwa kazi yake, kama ilivyomwita Bwana Shamba na Bwana Afya. Kazi ya Bibi Maendeleo miaka ile ya baada ya uhuru ilikuwa kuzunguka vijijini: lishe, usafi, ushonaji, madarasa ya kusoma kwa akina mama, na kugombana na waume waliosema mwanamke akijua kusoma ataanza kuandikiana na watu. Yeye aliyafanya hayo yote na juu yake akabebeshwa wageni, kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko cha wakubwa wengi wa bomani, nao walilijua hilo na halikuwapendeza.

Wageni wenyewe sharti niwaeleze, maana vijana wa leo hawatanielewa. Wakati ule dunia ilikuwa inatugombania. Nchi hii inatuletea gari la sinema, nchi ile inatuletea magazeti yenye picha za ngano na matrekta, nyingine inatusemesha kwa Kiswahili redioni kila jioni kama shangazi. Nyuma ya magari ya sinema wakaja wasomi. Walisomea jambo wanaloliita diplomasia ya umma, yaani namna serikali ya nchi moja inavyozungumza na wananchi wa nchi nyingine bila kupitia kwa wakubwa wao. Chuo au taasisi ya kwao ilimlipia mtu mwaka mzima, nauli, nyumba, dereva na Landrova, aje kwetu kama mtafiti mgeni, azunguke vijijini akiuliza swali moja: mnatuonaje?

Mwaka mzima! Mimi nilikuwa nafundisha madarasa mawili kwa wakati mmoja, chaki naikata vipande ili itoshe wiki, na hapo yupo mtu analipwa kumuuliza mkulima wa Msowero kama anaipenda nchi ambayo hawezi hata kuitamka. Nchi zao sitazitaja. Zilikuwa kama tatu hivi, na kila moja iliapa kwamba haifanani na wenzake, na zote zilituuliza maswali yaleyale kwa mpangilio uleule.

Mimi niliingia katika mambo haya wakati wa likizo. Bibi Maendeleo alinijia shuleni akasema, "Mwalimu, mimi nauliza akina mama, wewe utauliza wanaume. Wanaume wa huku wakiulizwa na mwanamke wanajibu uongo ili waonekane warefu." Nikamwambia sina nguo za kwenda na wageni. Akasema, "Wageni ndio wasio na nguo. Hujaona kaptula zao?"

Alikuwa mtu wa kupendeza kusafiri naye, na mtu wa kuudhi. Gauni lake lilipigwa pasi ya mkaa hata kama tunakwenda kulala kwenye ghala la pamba. Viatu alivibeba mkononi tukivuka vijito, akavivaa tena upande wa pili, hata kama mbele kuna kijito kingine kinachoonekana kwa macho. Tukipanda malori ya miwa kutoka Kidodi, alikaa mbele na dereva, mimi na mgeni tukakaa juu ya miwa. Alihubiri kujitegemea mpaka sauti ikamkauka, lakini mgeni akiacha biskuti za kopo, kopo lile hulioni tena. Aliwafokea vijana kwa kusikiliza redio za nje, na nyumba yake ilikuwa ya kwanza mtaani kuzifungulia. Nilipomsema kwa hilo alijibu, "Mimi nasikiliza wanavyosema uongo. Wale vijana wanasikiliza muziki."

Na mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine husema methali hii wakacheka. Yeye aliitimiza. Mtafiti wa kwanza alipofikisha siku ya tatu pale Msowero alikuta jembe limeegemezwa mlangoni kwake, na Bibi Maendeleo keshafunga kanga kiunoni anamsubiri shambani. Mgeni alilima mpaka viganja vikatoka malengelenge. Wanakijiji walimpenda kuanzia saa ile, na majibu waliyompa mchana huo yalikuwa ya kweli kuliko yote aliyoyapata. Nadhani hakujua kwa nini.

Kitu kimoja hakukubali kabisa: watu kupigwa picha kabla hawajajiandaa. Mgeni akiinua kamera kuelekea watoto wenye makamasi, kiganja cha Bibi Maendeleo kimeshafika kwenye lenzi. "Subiri wanawe," anasema. Mgeni anasubiri. Watoto wanafutwa, wanavishwa mashati ya kaka zao, wanapangwa kwa urefu kama wanajeshi. Nilipenda moyo huo, maana ni moyo wa mama yeyote anayesikia hodi. Baadaye niliona unakoelekea, na sikuupenda tena.

Swali lake lilizaliwa Kidodi. Tulikuwa tunasubiri lori, tumekaa kwenye kivuli cha duka, pamoja na mtafiti wa pili, ambaye mimi na Bibi Maendeleo tulimwita Bwana Kofia kwa sababu hakuivua hata mezani. Alikuwa ametoka kumuuliza mkata miwa maswali yake yote. Bibi Maendeleo akamtazama akifunga kalamu yake, akamwuliza kwa upole:

"Na huko kwenu, kijijini kwenu ulikozaliwa, watu wanaambiwa nini juu yetu?"

Bwana Kofia akacheka. Akasema hajui. Akasema, kwa kadiri anavyofahamu, hakuna aliyewahi kulifanyia utafiti jambo hilo.

"Basi nitalifanya mimi," akasema Bibi Maendeleo.

Nilidhani anatania. Kumbe ndilo jambo la maisha yake lililokuwa limemtoka mdomoni. Kuanzia siku ile hakuzungumza kitu kingine. Bwana Kofia alimwambia kwamba taasisi yao ina nafasi moja ya mtafiti mgeni kutoka mataifa mapya, na kwamba atampendekeza. Bibi Maendeleo akaanza kujiandaa. Alinunua koti zito kwa mke wa meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa anarudi kwao, akalitundika nyuma ya mlango katika joto lile la Kilosa. Maswali yake akayafanyia mazoezi kwetu sisi. Ananikalisha kwenye kigoda, ananiambia, "Mwalimu, wewe sasa ni mkulima wa kule kwao. Una ng'ombe, una baridi. Haya, niambie, Mwafrika anakula nini?" Nikijibu vibaya anakasirika, nikijibu vizuri anakasirika zaidi, anasema mkulima wa kule hawezi kujua hivyo. Tulicheka sana. Lakini swali lenyewe halikuwa la kuchekesha. Wao wametuuliza mpaka wametuchosha, na wao hakuna anayewauliza. Mwenye kuulizwa kila siku mwisho anajiona ni mgonjwa, na mwenye kuuliza anajiona ni daktari. Hayo ni maneno yake, aliyasema mara nyingi, na mpaka leo sijasikia mtu akiyajibu.

Majibu yalipofika kutoka ng'ambo yalisema nafasi amepewa, isipokuwa mada yake wamemrekebishia. Aende akazungumze juu ya mwanamke wa kijiji cha Kiafrika. Watakuwepo wasomi, watamuuliza.

Nilitukana. Mkuki kwa nguruwe, nikasema, wao wakichomwa kidogo tu wanapiga kelele. Koti lake lilibaki limetundikwa siku kadhaa. Kisha akaniambia, "Nitakwenda. Nitakwenda kama mbuzi wa maonyesho. Nikishafika, nani atanizuia kufungua mdomo?" Ikabaki kibali cha serikali tu, na kibali kilikuwa kinakuja. Bwana Kofia alikuwa na safari moja tu iliyobaki, ya Zombo.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wanaompenda hawapendi nilitaje. Zombo wakati ule watu walikuwa wamehamishwa kutoka mashambani kwao, wamekusanywa kwenye kijiji kipya kando ya barabara. Ujamaa niliuamini, na bado kuna mengi yake ninayoyaamini. Niliyoyaona Zombo siyaamini. Asubuhi ile tulikaa na bibi kizee mmoja mbele ya kibanda cha nyasi ambacho bado hakijakandikwa. Bwana Kofia akauliza walihamaje. Bibi kizee akajibu kwa Kiswahili cha taratibu, kila mtu akamsikia:

"Walikuja na gari, wanangu. Wakaezua paa nikiwa ndani ya nyumba. Mahindi yangu yalikuwa yamekomaa, wakasema yaache. Yakaliwa na nguruwe. Nililia mpaka nikanyamaza mwenyewe."

Bwana Kofia akamgeukia Bibi Maendeleo. Na Bibi Maendeleo, kwa Kiingereza chake kile kizuri, akasema: "Anasema walihama wote kwa pamoja, wakiimba."

Bwana Kofia aliandika. Bibi kizee alimtazama anavyoandika, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akidhani yameandikwa yake.

Tulipoachana naye nilimvuta Bibi Maendeleo pembeni. "Bibi, yule mama hakuimba."

"Najua."

"Sasa?"

"Mwalimu, mgeni haonyeshwi jiko likiwa linafuka moshi. Nikimpa hayo atayapeleka kwao, nao watasema tuliwaambia hawa hawajiwezi. Ugomvi wa nyumbani tutaumaliza wenyewe."

Hatukuumaliza. Nimeishi muda mrefu wa kutosha kulithibitisha hilo. Na yeye, ambaye kiganja chake kilizuia kamera ili watoto wafutwe makamasi, alidhani bado anafanya jambo lilelile. Nilimheshimu kuliko mtu yeyote wilayani, na siku ile nilimkasirikia kwa namna ambayo heshima haikunisaidia kuificha.

Mchana wa siku hiyohiyo ukatokea mkasa wa kofia.

Palikuwa na mzee mmoja pale Zombo, Mnyamwezi aliyekuja ujana wake kukata mkonge, akaoa, akabaki. Alikuwa ameishi kati ya Wasagara maisha yake yote, na maisha yake yote alikuwa anawatukana nao wanamtukana, maana ni watani. Msagara akifiwa, mzee huyu ndiye anayelala kaburini kabla ya maiti na kugoma kutoka mpaka alipwe. Akifiwa yeye, wanamwibia sufuria inayochemka. Wenye kujua wanajua kwamba bila mtani msiba hauishi vizuri. Sasa mzee alikuwa amekaa anamtazama Bwana Kofia siku nzima, na akafikia uamuzi. Akainuka, akamvua kofia kichwani, akaivaa yeye.

"Hawa walipigana na babu zetu," akatangaza. "Wakatupiga, tukawapiga, leo tunakula pamoja. Waliopigana wakapatana ni nani?"

"Watani!" kijiji kikaitikia.

"Basi sikia, wewe mtani. Ninyi ni wezi tangu kuumbwa. Nchi yenu ina baridi kwa sababu Mungu alipotoka alisahau kufunga mlango. Mmekuja huku kuomba moto. Kofia hii haitoki mpaka niletewe jogoo!"

Kijiji kizima kilikuwa chini kwa kicheko. Bibi Maendeleo aliyatafsiri yote bila kupunguza neno, na safari hii nilimsikiliza kwa makini. Kisha akamweleza utani ni nini: kwamba mtu hamtukani hivi asiyempenda, kwamba mzee amempa cheo ambacho mimi, kwa miaka yote niliyoishi hapa, sijapewa. Akamwambia la kufanya: "Mtukane na wewe. Mwambie kofia imemkaa kama kifuniko cha chungu. Atafurahi."

Bwana Kofia akatabasamu kwa meno tu. Akaomba kofia yake arudishiwe. Mzee akamrudishia polepole, uso umemshuka, akatuuliza sisi, "Huyu amelelewa wapi?"

Baada ya miezi michache alikuja Kilosa afisa kutoka Dar es Salaam. Tukaitwa bomani mimi, Bibi Maendeleo, na mzee wa Zombo, ambaye alitembea mpaka akapata lori, akafika na vumbi hadi kwenye nyusi. Afisa alitueleza kwamba mtafiti yule, alipofika kwao, ameandika kwamba katika kijiji cha Zombo kuna chuki kubwa dhidi ya taifa lake, chuki ya tangu vita vya zamani, na kwamba alinyang'anywa mali yake hadharani. Aliongeza pia kwamba mkalimani alijitahidi kuificha chuki hiyo kwa maelezo ya mila.

"Ndugu mzee," akasema afisa, "ulimtukana mgeni wa serikali?"

"Nilimtania, mwanangu."

"Ulimwita mwizi?"

"Ndiyo. Ni mtani."

Bibi Maendeleo akasimama. "Ndugu Afisa, wewe kwenu una watani?"

"Ninao."

"Mara ya mwisho walikufanyia nini?"

Afisa akasita, na mdomo ukamcheza kidogo. "Msiba wa baba. Waliondoka na viatu vyangu. Nilirudi mjini na kandambili."

Watu wakacheka, na yeye akacheka. Nikadhani yameisha. Mtu huyu anajua! Hakuna mtu chumbani mle asiyejua, kuanzia karani mpaka mfagizi aliyekuwa anachungulia dirishani. Lakini afisa akaacha kucheka, akaweka mkono juu ya meza.

"Mimi najua ni utani," akasema. "Wewe unajua. Wao wameandika ni chuki, na wao ndio wanaotoa msaada wa visima. Ninachotaka ni kifupi. Mzee aombe radhi. Wewe, kama mkalimani, uthibitishe kwamba palikuwa na uhasama na kwamba umekwisha. Tuwapelekee, mambo yapoe." Kisha akapunguza sauti, kana kwamba anamfanyia hisani. "Na jina lako liko mezani kwangu kwa ile safari. Usijiharibie, dada."

Hilo ndilo linaloniwasha hadi leo. Mgeni kutoelewa ni jambo la kawaida, mgeni ana macho makubwa lakini haoni. Lakini mtu wa kwetu, aliyerudi mjini na kandambili za mtani, anamkalisha mzee mwenye mvi na kumtaka aungame chuki asiyokuwa nayo, kwa sababu tu mtu wa mbali amesema anayo! Tulipata uhuru wa nini basi, kama hata kicheko chetu kinangoja maana kutoka ng'ambo?

Mzee alikuwa tayari kuomba radhi. Alisema radhi haina gharama, na nyumbani ana mbuzi wanaomsubiri. Bibi Maendeleo akamwekea mkono begani.

"Kaa, baba," akamwambia. Akamgeukia afisa. "Sitathibitisha."

"Fikiri, Ndugu."

"Nimeshafikiri. Niliwahi kusema jambo lisilokuwepo kwa sababu ya nchi hii. Hili la pili silisemi."

Afisa hakujua anazungumzia nini. Mimi nilijua.

Safari ikaenda kwa bwana mmoja wa Dar es Salaam ambaye sidhani kama alishawahi kulala mahali pasipo na umeme. Alikwenda, akazungumza juu ya mwanamke wa kijiji cha Kiafrika, akarudi na redio kubwa. Bibi Maendeleo akahamishiwa Mikumi bila maelezo. Koti alimpa mlinzi wa usiku wa stoo ya pamba, na siku alipohama aliniambia kitu ambacho sikukiamini mpaka nilipokiona: Kiingereza amekirudisha kwa wenyewe. Hakukisema tena. Mgeni akimsemesha anamjibu kwa Kiswahili, mgeni asipoelewa, shauri yake.

Mara yangu ya mwisho kukaa naye ilikuwa ile miaka ya foleni, tulipokuwa tunapanga mstari kwa kilo moja ya sukari huku malori ya miwa yanatupita. Nilikuwa nimestaafu. Akaja Kilosa mtafiti mgeni mwingine, binti wa taasisi ileile, naye amepewa mwaka wake. Alikuwa mnyenyekevu, ameshajifunza shikamoo kabla ya kufika, na akaisema huku amepinda goti. Alitafuta watu waliofanya kazi na watafiti wa zamani. Nikampeleka Mikumi.

Tulimkuta Bibi Maendeleo nyuma ya nyumba yake, karibu na barabara kuu, anachambua mchele. Alikuwa amekonda, gauni limenyooshwa kama zamani. Binti akaamkia, akapewa marahaba mara moja, nikashangaa. Tukakaa kwenye mkeka, mimi katikati nikitafsiri. Binti akasema ni heshima kubwa kwake. Akasema Bwana Kofia sasa ni profesa mkubwa, na kitabu chake juu ya safari zile ndicho wanachoanza nacho wanafunzi wote wa somo hilo.

Bibi Maendeleo akaacha kuchambua.

"Mwulize," akaniambia, "huko kwao wanaambiwa nini juu yetu."

Nikatafsiri. Binti alifikiri kwa uaminifu, hilo sitamnyima. Akajibu kwamba watu wa kawaida hawaambiwi mengi. Lakini waliosoma, kama yeye, wanafundishwa kutokana na kitabu kile mambo mawili kuhusu sehemu hizi: kwamba wananchi walihamia vijiji vipya kwa hiari, wakiimba, na kwamba chini ya furaha hiyo kulikuwa na chuki ya zamani dhidi ya wageni.

Niliyatafsiri yote. Maisha yake yote alikuwa anataka jibu hilo, alinyimwa safari ya kulifuata, na sasa limemfuata lenyewe hadi kwenye mkeka wake.

Lori likapita barabarani, likapotea.

"La chuki alilisema yeye," akasema. "La kuimba nililisema mimi." Kisha akanitazama usoni. "Mwambie, Mwalimu. Usipunguze. Mwambie hawakuimba. Mwambie paa liliezuliwa mtu akiwa ndani, na mimi ndiye niliyesema waliimba."

Nikamwambia binti yote, paa, mahindi, nguruwe, machozi. Aliandika kwa haraka. Kisha akasimamisha kalamu, akaangalia alichoandika, akauliza kwa adabu kabisa kama, mbali na yeye na mimi, yupo mtu mwingine anayeweza kulithibitisha jambo hili, kwa sababu linapingana na kitabu.

Sikutaka kulitafsiri swali hilo. Nilitaka kumwambia afunge kalamu yake tuondoke. Lakini Bibi Maendeleo alikuwa ameshalielewa bila mimi, Kiingereza chake hakikuwa kimekwenda popote.

"Alikuwepo mwenye paa," akasema. "Amezikwa Zombo."

Na hilo nalo nikalitafsiri.